MOTO MKALI NA MAJI YACHEMKAYO

Wengi wetu huamini ya kuwa maharage huiva upesi zaidi moto ukizidishwa baada ya maji kuchemka. Yafaa tulipime jambo hili kwa hesabu, maana kuni na makaa hununuliwa kwa fedha, au huletwa kichwani na mama zetu.

Kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa Fizikia nilitia kipimajoto katika sufuria ya maji. Maji yalianza digrii 27 za Sentigredi, yakapanda mpaka 100, yakasimama hapo. (Sisi tu pwani, huko milimani maji huchemka kabla ya kufika 100.) Nilichochea moto, yakatokota kwa kishindo, lakini kipimo hakikupanda.

Basi, joto lile la ziada lilikwenda wapi? Lilikuwa likigeuza maji kuwa mvuke. Joto hilo huitwa joto fiche, kwa kuwa kipimajoto hakilionyeshi.

Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande digrii moja. Lita 2 ni kilo 2, na kutoka 27 hadi 100 ni digrii 73:

2 × 4.2 × 73 = kilojuli 613

Lakini kugeuza lita 1 tu ya maji yachemkayo kuwa mvuke huhitaji kilojuli 2,260, yaani zaidi ya mara tatu na nusu! Kilo moja ya makaa hutoa kama kilojuli 28,000. Tuseme robo yake, 7,000, ndiyo iingiayo sufuriani. Basi lita ile iliyopotea imekula karibu theluthi ya kilo ya makaa, na maharage hayakuiva mapema.

Kwa hiyo maji yakichemka, punguza moto, funika sufuria, uyaache yatokote polepole.

Tena jihadhari na mvuke. Ukigusa ngozi hurudi kuwa maji na kutoa joto fiche lake lote. Gramu 1 ya maji yachemkayo ikipoa hadi digrii 37 hutoa juli 265. Gramu 1 ya mvuke hutoa 2,525, zaidi ya mara tisa. Funua kifuniko kwa kukiinua upande ulio mbali nawe.

Zoezi: Lita 3 za maji ya chai, digrii 25, zimechemshwa hadi 100, kisha nusu lita ikawa mvuke. Maji yamepokea joto kiasi gani? (Jibu: kilojuli 2,075.)