Rangi ya Gari Huanzia Chini: Mafunzo Niliyopata Pumwani

Mwenye gari huona siku ya mwisho tu: gari linang'aa, fundi anakusanya magazeti na tepu, hesabu inamalizwa. Lakini rangi itakayodumu huamuliwa siku za nyuma yake, gari likiwa limekaa kijivu na kuchubuka hadi majirani wanakupa pole. Hilo nilijifunza Pumwani, Nairobi, kwenye yadi ya mafundi kati ya Gikomba na Majengo, nilipoamua kuipiga rangi upya Toyota Fielder yangu ya rangi ya fedha. Kazi nyingine niliifanya kwa mikono yangu, nyingine nikamwachia fundi, na muda mwingi nilishinda pale nikitazama na kuuliza. Haya ndiyo niliyotoka nayo.

1. Jua kwanza kinachobanduka ni nini

Rangi ya kiwandani si koti moja. Chini kabisa, juu ya bati, kuna praima ya kuzuia kutu. Inafuata undakoti, kisha rangi yenyewe, halafu klia, yaani lile tabaka lisilo na rangi linalong'aa na kuyakinga yaliyo chini yake. Yote kwa pamoja huwa kama mikroni 100 hadi 150, unene wa karatasi moja au mbili za daftari.

Klia hufa kwanza kwenye paa na boneti, kwa sababu ndiko jua linakopiga wima. Nairobi iko karibu na ikweta, na iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mionzi ya jua ni mikali hata siku unayotembea na sweta. Kabla ya kutoa hata shilingi, pitisha ukucha kwenye ukingo wa doa. Ukikwama, klia imebanduka na hakuna polishi itakayoirudisha. Usipokwama, huenda klia imefifia tu. Jaribu polishi kwanza, uokoe pesa zako.

2. Namba ya rangi iko kwenye gari lenyewe

Usiende dukani kuomba "rangi ya fedha". Kwenye Toyota tafuta kile kibati kidogo chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango, palipoandikwa C/TR. Herufi na namba zinazotangulia ndizo za rangi. Yangu ni 1F7. Nyeupe ya kawaida ni 040, nyeusi ni 202, na nyeupe ya lulu ni 070, ambayo hupigwa kwa hatua tatu na hivyo gharama yake hupanda.

Ukishapata namba, nenda kwa wachanganyaji wa rangi, iwe ni Kirinyaga Road, ambayo wengi bado wanaiita Grogan, au Industrial Area. Lakini namba peke yake haitoshi, maana gari lililopigwa na jua miaka mingi limeshaiacha rangi liliyotoka nayo Japani. Ng'oa kifuniko cha tangi la mafuta, kipige polishi, uende nacho kikawe kielelezo. Kisha rangi ijaribiwe kwenye kadi, na kadi hiyo iangaliwe nje juani. Taa ya dukani haitoshi kuamua.

Rangi ya fedha ina ugumu wake. Ndani yake mna chembe ndogo za alumini, na jinsi zinavyolala hutegemea umbali wa bunduki ya kupulizia rangi, upepo wa kompresa na wingi wa thina. Ndiyo maana fenda na mlango vinaweza kupigwa kutoka mkebe mmoja na bado vikapishana. Fundi anayejua kazi huififisha rangi taratibu hadi ndani ya paneli ya jirani, kisha huimwagia klia paneli hiyo nzima, jicho lisione mpaka.

3. Pima yapi ya nyumbani na yapi ya gereji

Ploti za Majengo zimebanana. Uani kuna kamba za nguo, majiko na watoto. Kupulizia rangi hapo ni kumwekea jirani sumu hewani na madoa kwenye shuka zake. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi inaweza kufanyika nyumbani bila kumsumbua mtu: kuosha, kufungua taa, vishikio na mipira ya milango, na kusugua kwa msasa wa maji. Kila kinachofunguliwa ni afadhali kuliko kinachofunikwa kwa tepu, kwa sababu rangi mpya huanza kubanduka pale ilipoishia ukingoni mwa mpira.

Gereji zenye chumba cha rangi hulipasha gari joto la nyuzi 60 hivi kwa nusu saa, na vumbi huchujwa. Yadi ya wazi haina hayo, lakini ina maarifa yake. Mafundi niliowaona Pumwani hutandaza turubai, humwaga maji chini kutuliza vumbi, na hupiga klia asubuhi mapema kabla mikokoteni ya Gikomba haijaanza kupishana. Kazi ya yadi inaweza kuwa nzuri sana ikiwa fundi amepewa nafasi ya kuchagua saa yake. Usimfanye akimbizane na safari yako ya harusi.

4. Maandalizi ndiyo rangi yenyewe

Nilipewa msasa, kibao cha mpira cha kuushikia na ndoo ya maji yenye sabuni kidogo. Kazi yangu ilikuwa ukingo wa doa lililobanduka kwenye paa. Unasugua taratibu ukielekea nje, na kidogo kidogo pete zinajitokeza: ya nje ni klia, inafuata fedha, kisha kijivu cha undakoti, na katikati bati lenyewe. Pete zikiwa pana, mteremko kati ya tabaka na tabaka ni mpole. Zikiwa nyembamba, bado kuna ngazi, na ngazi hiyo itaonekana chini ya rangi mpya hata ukipiga makoti matano.

"Kijana wangu, funga macho upitishe kiganja," mzee aliyekuwa akinielekeza aliniambia. Nilipofumba macho, vidole vilikuta ukingo ambao macho yalikuwa yameupitia.

Msasa una ngazi zake. Namba 80 ni ya kuondoa kutu na kuchonga pati, kile kijazio cha mabonde. 180 na 320 za kulainisha. 600 hadi 800 kwa undakoti kabla ya rangi ya fedha. 1500 na 2000 za kumalizia klia kabla ya polishi. Ukiruka ngazi, mikwaruzo ya namba 80 hujificha kwa muda tu. Rangi ikikauka na kusinyaa, inarudi juu.

Undakoti ikikauka, fundi hupuliza juu yake ukungu mwembamba wa rangi nyeusi, kisha husugua. Weusi unaokataa kutoka umekaa kwenye bonde. Pale unapotoka upesi ni kilima. Kwa njia hiyo mlango ulionyooka kwa macho unaonyesha kila alama ya nyundo.

Kwenye upinde wa gurudumu la nyuma, msasa ulifichua pati nene iliyopakwa juu ya kutu na gereji fulani kabla gari halijawa langu. Kutu haifi kwa kufunikwa. Inaendelea kula bati kimyakimya hadi rangi inapotoa malengelenge. Inatolewa mpaka bati jeupe, na palipotoboka panakatwa na kuchomelewa bati jipya. Ukinunua gari lililotumika, beba sumaku ndogo iliyozungushiwa kitambaa: isiposhika vizuri kwenye bati la fenda au mlango, chini kuna pati nyingi. Na pati husuguliwa kavu, kwa sababu hunyonya maji, na maji yakifungiwa ndani yatarudi kama kutu.

Kwa hiyo patana malipo kwa hatua, na hatua kubwa iwe ile ya gari likiwa kijivu. Nenda ulione wakati huo, ulipapase. Likishameta umechelewa.

5. Ogopa mafuta kuliko vumbi

Chembe ya vumbi ikitua kwenye klia inaweza kusuguliwa na kupigwa polishi. Mafuta hayana dawa hiyo. Rangi hukimbia pale yalipo na kuacha vishimo vya mviringo, kama macho ya samaki. Mabaya zaidi ni silikoni, na inatoka kwenye vitu tunavyovipenda: dawa ya kung'arisha dashibodi na ya kuweusha matairi. Wiki za kabla ya rangi, acha kuzitumia. Gari huoshwa kwa sabuni, hufutwa kwa dawa ya kuondoa grisi, kisha hukaushwa kwa kitambaa kingine kisafi. Hufanywa hivyo kabla ya msasa, ili mafuta yasisuguliwe ndani ya mikwaruzo, na tena kabla ya kupuliza. Baada ya hapo, usiguse paneli kwa kiganja kitupu.

6. Elewa tofauti ya NC na 2K

Dukani utaulizwa: NC au 2K? NC, yaani nitroselulosi, hukauka thina yake inaporuka hewani, basi. Ni jamii ya ile rangi ya Duco ya DuPont, iliyotokea Marekani mwaka 1923 na kupunguza muda wa kukausha gari kutoka wiki kadhaa hadi saa chache, ikawezesha viwanda kutoa magari ya rangi nyingi badala ya nyeusi tupu. Ni nafuu na rahisi kurekebisha, lakini hufifia mapema, na petroli ikiimwagikia huacha alama. 2K huchanganywa na hadina, yaani kigumishi, na hukauka kwa kemikali mbili kushikana. Ni ghali zaidi, ila huvumilia jua, mvua na petroli kwa miaka.

Ukipiga 2K juu ya NC ya zamani, ya chini inaweza kulainika na yote ikakunjamana. Kwa hiyo jaribu kwanza: lowesha kitambaa kwa thina, ukiweke kwenye sehemu iliyojificha kwa dakika chache. Rangi ikihamia kwenye kitambaa, iliyopo si ya kiwandani, na itabidi iondolewe au izibwe vizuri. Vipimo vya klia na hadina viko kwenye mkebe: nyingine ni mbili kwa moja, nyingine nne kwa moja. Vifuatwe kwa kikombe chenye alama. Na bampa, kwa kuwa ni plastiki, linataka praima yake. Bila hiyo rangi itatoka kwa vipande.

7. Iheshimu hewa ya Nairobi na stima yake

Machi hadi Mei ni masika, Oktoba hadi Desemba ni vuli, na Julai kuna baridi na mawingu. Hewa ikiwa na unyevu, thina inaporuka huipoza rangi, unyevu unatua juu yake, na NC inageuka nyeupe kama maziwa. Januari na Februari ni miezi mizuri, ingawa vumbi huongezeka. Kompresa nayo hukusanya maji tumboni. Yamwagwe kila asubuhi, na mpira wake uwe na kichujio cha maji. Muulize fundi atafanyaje stima ikipotea katikati ya koti la fedha. Mwenye jenereta au tangi kubwa la upepo ana jibu.

8. Ukibadilisha rangi, badilisha na logbook

Rangi ya gari imeandikwa kwenye hati ya usajili. Ukitoka fedha kwenda nyekundu, NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama, lazima ijulishwe na rekodi ibadilishwe, na bima vilevile. Kurudia rangi ileile hakuhitaji hayo. Zaidi ya karatasi, kugeuza rangi kunamaanisha kupiga pia ndani ya milango, chini ya boneti na ndani ya buti. Fundi akikupa bei ileile kwa kazi zote mbili, muulize hizo sehemu zimehesabiwa wapi.

9. Pumzi ya fundi ni sehemu ya kazi

Hili ndilo lililoniuma zaidi. Hadina ya 2K ina isosayaneti, kemikali inayoweza kumletea mtu pumu ya maisha, na aliyeathirika huweza kubanwa na kifua hata kwa dozi ndogo baadaye. Leso mdomoni haizuii mvuke. Barakoa ya vumbi pia haizuii. Kinachofaa zaidi ni kofia inayoletewa hewa safi kwa mpira. Pasipo hiyo, walau barakoa yenye vichujio vya kemikali, vinavyobadilishwa kwa wakati, na glavu na miwani.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Kwenye yadi ya jua kali kila mtu anajitegemea, na mzigo unabaki bila mwenyewe. Mteja anaweza kuubeba kidogo. Bei ya vichujio iingizwe kwenye mapatano kama thina na msasa zinavyoingizwa, na vijana wanaosugua wakae mbali klia inapopigwa. Tunalilia shilingi chache kwa mtu anayevuta sumu ili gari letu ling'ae, na hilo halifai.

Ukienda kutafuta fundi, Pumwani au kwingineko, muulize maswali manne: chini ya rangi hii utafanya nini, utatumia NC au 2K, naweza kuja kuliona gari likiwa kijivu, na unavaa nini unapopuliza klia? Anayekujibu yote kwa utulivu mpe kazi, mlipe haki yake, na umpe muda. Gari likirudi, usilipake nta kwa mwezi mmoja hivi, maana rangi bado inapumua na kukomaa. Baada ya hapo, kuliosha na kuliegesha kivulini ni kazi yako wewe.