Dawa ya kuku: tupunguze gharama

Kuku akianza kusinzia, kuharisha kijani na kupinda shingo, wengi wetu hapa Muganza tunakimbilia kapsuli za tetrasaiklini, tunazifungua na kuzimwaga katika maji yake. Pesa hiyo imepotea. Dalili hizo mara nyingi ni za kideri, ambacho Wanyarwanda wanakiita umuraramo. Kideri kinaletwa na virusi, na antibiotiki haiui virusi. Kuku atakufa vilevile, na pesa ya sabuni imekwisha.

Kinachosaidia ni chanjo, tena kabla ugonjwa haujaingia. Watu wanaogopa bei ya kichupa, lakini hawaulizi kinatosha kuku wangapi. Kichupa cha chanjo ya matone kinaweza kuwa na dozi 100: kila kuku tone moja, katika jicho moja. Mwenye kuku 5 akinunua peke yake, dozi 95 zinamwagwa, maana chanjo ikishachanganywa haiwekwi hadi kesho. Nyumba 20 zenye kuku watano watano zikichanga, kila moja inalipa sehemu moja tu kati ya 20. Chagueni mtu mmoja aende kwa veterineri wa sekta, aulize siku na bei. Asisahau termosi yenye barafu. Kwa joto la bonde hili la Bugarama, chanjo inaharibika njiani. Rudieni kila baada ya miezi 3 au 4.

Kuku aliyekwisha ugua usimchanje. Mtenge. Akifa, mfukie katika shimo refu, na wenzake usiwapeleke sokoni.