Mwacheni Avae Sweta Mwenyewe



Somo letu la leo ni juu ya watoto wenye ulemavu walio katika boma zetu. Nimefanya kazi na watoto hawa kwa miaka mingi, kwanza darasani, halafu kwa kutembelea nyumba. Naanza na kosa langu mwenyewe.

Katika darasa langu la kwanza kulikuwa na mvulana wa miaka tisa mwenye ulemavu wa akili. Nilimpenda sana. Asubuhi nilimvua sweta, mchana nilimlisha, jioni nilimvisha tena. Watu walinisifu kwa huruma. Baada ya mwaka mmoja nilienda kusomea diploma. Siku niliporudi kumsalimia, mama yake aliniambia, "Mwalimu, tangu uende anakaa tu na sahani mbele yake akingoja mtu." Kumbe mwaka mzima nilikuwa nikimfundisha kungoja! Tangu siku hiyo nimeshika mambo manne.

1. Angalieni masikio na macho kwanza. Mtoto mnayemwita mjinga pengine hasikii vizuri. Simama nyuma yake, mwite bila yeye kukuona. Hata akigeuka, kama bado mna wasiwasi mpelekeni hospitali. Pia kuna vituo vya EARC, vilivyoanza hapa Kenya mwaka 1984, ambavyo hupima mtoto na kushauri wazazi kuhusu shule inayomfaa. Ulizeni ofisi ya elimu iliyo karibu.

2. Gawanyeni kazi vipande vidogo. Kuvaa sweta si kazi moja. Ni kuingiza kichwa, kisha mkono huu, kisha mkono ule, kisha kuvuta chini mpaka kiunoni. Anzeni na kipande cha mwisho. Wewe fanya yote, yeye avute chini tu. Hivyo kila siku yeye ndiye anayemaliza kazi, na anafurahi. Akishazoea, mwachie mkono mmoja, halafu wa pili. Inaweza kuchukua wiki nyingi. Msikate tamaa.

3. Ngojeni kidogo. Ukishamwambia jambo, hesabu polepole moyoni mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Wengi wetu hatufiki hata tatu. Mtoto yuko njiani kufanya, sisi tunamnyang'anya.

4. Mpeni kazi ya kweli. Kuokota mayai, kulisha kuku, kupanga vikombe siku ya mkutano. Akikosea, mwonyesheni tena bila kumcheka. Mtoto mwenye kazi nyumbani huheshimiwa hata na ndugu zake.

Sasa jambo linalohusu kikundi chote. Kuna mama ambaye haji mkutanoni, na tunamtoza faini. Je, tumeuliza kwa nini? Nimefika nyumba ambamo mtoto alifungwa kamba mguuni ili mama aende shambani. Mama huyo hakuwa mkatili. Alikuwa peke yake. Kumlaumu hakufungui kamba. Wanakikundi wawili wakikaa na mtoto kwa zamu, mama atalima, na mtoto atajua nyuso nyingine zaidi ya ya mama yake.

Tena tusidhani tunamfanyia mtoto hisani. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kutendewa kwa heshima, na ya kupata elimu.

Ndugu zangu, sisi wazazi hatutaishi milele. Kila kitu mtoto anachojua kufanya mwenyewe leo, hatahitaji kuomba mtu kesho.

Maswali ya kujadiliana:

- Ni nyumba gani katika kijiji chetu tunajua kuna mtoto lakini hatumwoni?
- Tunamfanyia nini ambacho angeweza kujifunza kufanya mwenyewe?
- Nani wataanza zamu wiki hii? Andikeni majina kabla ya kufunga mkutano.