Paulo Alizunguka Mji Kwanza
Somo: Matendo ya Mitume 17:16-34

Paulo alifika Athene akiwa mgeni, akiwangoja Sila na Timotheo. Angeweza kukaa tu. Lakini alizunguka mji kwa miguu, akitazama. Juu ya kilima cha Akropoli kulikuwa na hekalu la Parthenon, tayari lina miaka zaidi ya 400. Chini kulikuwa na soko, na huko aliongea na watu kila siku.

Roho yake ilichukizwa na sanamu zile, lakini hakuanza na matusi. Kati ya madhabahu zote aliona moja ya Mungu asiyejulikana. Aliposimama Areopago, alianzia hapo. Wengine walimdhihaki, lakini Dionisio, Damari na wengine waliamini.

Mimi nilisomea biashara, na mfanyabiashara hafungui duka kabla hajazunguka soko. Je, sisi? Tunataka Kapsoit iokoke, lakini tunaweka spika stejini, tunahubiri, tunarudi nyumbani. Mama mboga wa pale hatumjui jina. Kibarua aliyepoteza kazi mashine za kuchuma chai zilipoingia, hatujui watoto wake wanakula nini. Sasa tutamhubiria tukianzia wapi?

Zoezi la wiki: siku moja usipande boda. Tembea kutoka stejini hadi sokoni bila haraka. Salimia, sikiliza, kisha uwaombee kwa majina. Mungu atakuonyesha mahali pa kuanzia.