GARI LA MTOTO HALIWAKI: TUANZIE WAPI?



Baada ya mavuno wengi wetu huenda Songea mjini kuuza mahindi. Tukirudi, tunawaletea watoto zawadi. Siku hizi zawadi mojawapo ni gari dogo la kuchezea linaloendeshwa kwa rimoti. Watoto waliozoea magari ya waya hulifurahia sana.

Lakini siku moja gari haliwaki. Baba anauliza, "Nani kaliharibu?" Mtoto anachapwa. Kisha gari linapelekwa kwa fundi, na pesa zinatoka. Kumbe ubovu ulikuwa betri tu! Mtoto hakuwa na kosa. Basi, tujifunze kuchunguza kabla ya kulaumu.

Gari hili ni vitu viwili: gari lenyewe na rimoti. Kila kimoja kina betri zake. Rimoti hutuma mawimbi ya redio, na gari huyapokea. Huu si uchawi. Mwaka 1898 Nikola Tesla alionyesha mjini New York mashua ndogo aliyoiendesha hivyo, bila waya. Umeme ukikosekana upande mmoja tu, gari haliendi. Kwa hiyo tuchunguze pande zote mbili.

1. Tutazame swichi. Mara nyingi iko chini ya tumbo la gari. Huenda imezimwa tu.

2. Tufungue kifuniko cha betri. Kila betri ina alama ya + na ya −. Tuzilinganishe na alama zilizomo ndani. Betri moja ikigeuzwa, gari huweza kukataa kuwaka.

3. Tutie betri mpya, zote kwa pamoja. Tusichanganye mpya na za zamani. Wengine huanika betri juani. Zinapata nguvu kidogo, halafu zinaisha, na zaweza kuvuja. Tena, saa ya ukutani isitudanganye. Saa hutumia umeme kidogo sana. Betri iliyoshindwa na gari bado yaweza kuendesha saa. Tusiitupe haraka.

4. Tutazame springi na vibati vinavyogusa betri. Vikiwa na kutu au unga mweupe, umeme haupiti vizuri. Tutoe betri, tusugue kwa kitambaa kikavu au msasa laini. Tusijiguse macho. Tukimaliza, tunawe mikono kwa sabuni.

5. Tutazame nyaya. Waya ukikatika, hapo ndipo tumwendee fundi. Sasa tunajua la kumwambia, naye hatatutoza kwa kazi isiyohitajika.

Kama gari ni la kuchaji, tulichaji kwanza kwa chaja yake. Betri ikivimba, tuache kuitumia.

Tahadhari! Rimoti nyingine zina betri bapa kama kifungo. Mtoto akiimeza, tumkimbize hospitali mara moja, hata kama halalamiki maumivu. Betri yoyote isitupwe motoni.

Ndugu, hatua hizi zafaa pia kwa redio na tochi. Tukumbuke: kitu kikizimika, tuulize kwanza betri, ndipo tumuulize mtoto.

MASWALI

1. Kwa nini tuchunguze gari na rimoti pia?
2. Betri inaendesha saa. Je, lazima itaendesha gari? Eleza.
3. Nyumbani kwako kuna redio au tochi isiyowaka? Fuata hatua hizi, kisha andika ulichokiona.