Usifunge mnyororo juu, trekta litabinuka

Wiki iliyopita nilimkuta dereva amefunga mnyororo juu, nyuma ya kiti chake, aking'oa kisiki. Magurudumu ya mbele yaligusa chini kwa taabu. Nikamwambia, "Zima kwanza." Akanijibu, "Bwana shamba, mbona jana kiling'oka?"

Tukakaa kivulini tukapiga hesabu. Trekta hukandamiza ardhi, na ardhi nayo hulisukuma, pembe mraba na uso wake. Tuseme kwenye tambarare magurudumu ya mbele yanabebeshwa kilo 700, na kutoka mbele hadi nyuma ni mita 2. Mnyororo umelala sawa, mita 1 kutoka chini, unavuta kwa nguvu ya kilo 1,000. Zidisha nguvu kwa kimo cha mnyororo, gawa kwa mita 2: unapata 500. Kilo hizo zinahamia nyuma, mbele zinabaki 200. Ukivuta kwa kilo 1,400, mbele inabaki sifuri. Ardhi haisukumi tena magurudumu ya mbele, usukani haushiki, na trekta linaweza kubinuka kinyumenyume na kumlalia dereva.

Ukifunga chini, kwenye chuma cha kukokotea, sentimita 40 kutoka ardhini, kwa nguvu ileile ya kilo 1,000 zinahamia 200 tu. Mbele zinabaki 500.

Kwa hiyo funga chini, anza taratibu, na ukihisi usukani umekuwa mwepesi, kanyaga klachi mara moja. Kisiki kikigoma, chimba, kata mizizi kwanza. Ni kazi ya nusu siku, lakini utarudi nyumbani.