Usile Mbegu

Somo: Mwanzo 6:13–22 na 8:20–22

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, kijana mmoja aliniuliza: "Mzee, kama dunia hii itaisha, kwani tunahangaika kuitunza ya nini?" Nilimjibu haraka haraka tu pale mlangoni. Leo naomba nimjibu vizuri, na nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Nimezaliwa upande wa Mwingi, mahali mvua ni ya kubahatisha. Mama yangu alikuwa na vibuyu viwili juu ya jiko, pale moshi unapofika. Kimoja kilikuwa cha mtama, kingine cha kunde, na mbegu amezichanganya na majivu zisibunguliwe. Mara nyingi tulilala njaa huku tukiviangalia. Tukilia, alituambia, "Hicho si chakula. Hicho ni mwaka ujao."

Mama alipoitwa na Bwana, boma likawa langu. Nilikuwa nimeokoka, tena nahubiri mikutano ya nje. Ukaja mwaka wa ukame mkali. Nikasema, Bwana yuko karibu, hizi mbegu ni za nini? Tukazipika zote kwa juma moja. Mvua iliporudi ilikuwa kidogo. Nikapanda mahindi ya kununua, yakakauka kabla ya kubeba. Ule mtama wa Mama uliozoea udongo wetu ulikuwa umekwisha. Nilikuwa nimeuita uzembe wangu imani.

Sasa mtazame Nuhu. Ni nani katika kizazi chake aliyejua kwa hakika kwamba mwisho unakuja? Ni yeye, maana Mungu alimwambia. Na ni yeye huyo huyo aliyetumwa kuwaingiza wanyama safinani na kukusanya chakula cha kila aina. Habari ya mwisho haikumfanya akae bure, bali ilimpa kazi! Baada ya gharika Bwana akaahidi kwamba kupanda na kuvuna havitakoma maadamu dunia ipo. Lakini mpendwa, utapanda nini kama hakuna aliyeweka mbegu?

Kwanza, kulinda mbegu kuna gharama. Katika Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Ujerumani yaliuzingira mji wa Leningrad, Urusi, kuanzia Septemba 1941 hadi Januari 1944. Mamia ya maelfu ya watu walikufa njaa. Mjini humo kulikuwa na taasisi ambamo Nikolai Vavilov na wenzake walikuwa wamekusanya mbegu kutoka nchi nyingi. Vavilov mwenyewe alikuwa amefungwa na serikali yake, akafia gerezani mwaka 1943. Wenzake waliendelea kulinda zile mbegu, na kadhaa wakafa njaa. Dmitri Ivanov, aliyetunza mpunga, alikufa huku maelfu ya pakiti za mpunga zikiwa karibu naye. Hakuzila. Nikikumbuka habari yake naona haya, maana mimi nilishindwa na juma moja.

Pili, mbegu hulindwa kwa kugawa. Mwaka 2008 lilifunguliwa ghala ndani ya mlima katika visiwa vya Svalbard, Norwe, mbali sana kaskazini. Mbegu za mataifa huwekwa huko kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri. Profesa Wangari Maathai wa kwetu Kenya alishirikiana na waziri mkuu wa Norwe kuweka sanduku la kwanza. Baadaye vita vikafika Aleppo, Syria, na benki ya mbegu iliyokuwa karibu na mji huo ikashindwa kufanya kazi yake. Lakini walikuwa wamepeleka nakala Svalbard. Mwaka 2015 wakaanza kuzichukua, wakazipanda Moroko na Lebanoni, na mwaka 2017 wakarudisha akiba nyingine. Walichokuwa wametoa ndicho kilichowarudia.

Hata kwangu ilikuwa hivyo. Jirani yetu mmoja, mama mjane, alisikia yaliyonipata, akaja na gorogoro moja ya mtama. Akaniambia, "Mwanangu, mama yako alinipa mbegu hii mwaka ule nilipoolewa. Mimi nimekuwa nikiipanda tu." Nilipiga magoti pale pale uani. Mama alikuwa ameweka akiba mahali ambapo ujinga wangu haungefika.

Basi kijana wangu, jibu ni hili. Siku ya kurudi Bwana ni yake, lakini kibuyu ametuachia sisi. Akirudi leo, atukute tunalinda. Akikawia, wajukuu wetu wawe na cha kupanda.

Ya kujadili katika ushirika wa nyumbani:
1. Ni mbegu gani ya wazazi wenu imepotea, na ilipoteaje?
2. Ni wapi tumetumia habari za siku za mwisho kama kisingizio cha kutofanya kazi?
3. Nyumbani kwako, ni nini mnachokila leo ambacho ni mwaka ujao wa watoto?

Tuombe: Baba, tusamehe pale tulipokula tulichopewa kulinda. Tupe mikono ya kuhifadhi na mikono ya kugawa. Katika jina la Yesu, Amina.